Kinywa cha Nguruwe

Walikuja watatu kuazima mbwa, na hakuna hata mmoja aliyeuliza njugu zinaendeleaje.

Kokwijuka alikuwa mlangoni anapepeta maharage. Aliwaona tangu wakikatiza kwenye migomba, kila mtu na upinde wake begani. Mbele alikuwa shemeji yake Pastory, kaka wa marehemu mumewe, tumbo likimtangulia kama kawaida. Nyuma yake Yustus, fundi baiskeli, mtu wa kucheka kabla hajaambiwa kitu. Wa mwisho alikuwa mzee Elipidius, mwenyekiti wa kitongoji, ambaye magoti yake yalistaafu zamani lakini mdomo na upinde vilikuwa bado kazini.

"Shikamoo, mzee," Kokwijuka alisema, akimwangalia Elipidius peke yake.

"Marahaba, mama Vero. Habari za hapa?"

"Za kuchimbuliwa."

Yustus alicheka. Pastory alikohoa, akajikalisha kwenye kigoda bila kukaribishwa, akalaza upinde wake chini, akaanza kuulizia hali ya migomba, hali ya mbuzi, hali ya Vero huko alikoolewa Ihanda. Kokwijuka alimwacha azunguke weee mpaka achoke mwenyewe.

Shida yao ilikuwa inajulikana. Jumapili inayofuata mtoto wa Pastory alikuwa anapata kipaimara. Wageni wamealikwa mpaka kutoka Bukoba na Muleba, na Pastory alishatangaza nje ya kanisa kwamba watu watakula nyama mpaka waombe poo. Nyama yenyewe bado ilikuwa inatembea kwa miguu yake minne, ndani ya kichaka cha juu ya bonde la mafunjo. Kibali cha kuwasaka nguruwe waharibifu kilikuwa kimepatikana wiki mbili nyuma na kukaa mfukoni mwa mwenyekiti bila kazi. Lakini kumtoa nguruwe pori kichakani bila mbwa ni kujitafutia jeneza, na mbwa mwenye akili ya kazi hiyo, Nyakasimbi nzima, alikuwa mmoja tu. Alikuwa amelala miguuni pa Kokwijuka, mwekundu, mkia umejikunja, akijifanya hasikii.

Aliitwa Baligamba. Maana yake "watasema". Jina hilo alilitoa Rogasian, marehemu mumewe, na alipenda kulipaza jioni majirani wakiwa wanapita njiani. Rogasian alikuwa na miaka mitatu kaburini. Watu walisema waliyosema, na mbwa akabaki.

"Kwa hiyo mnataka mbwa," Kokwijuka alisema.

"Tunataka kuwasaidia nyinyi akina mama," Pastory alisema. "Si mmekuwa mkilalamika?"

Kokwijuka aliweka ungo chini taratibu, maana asingeuweka taratibu angemtupia usoni.

Mwezi mzima alikuwa amelalamika, kweli. Alilalamika kwa Pastory, alilalamika kwa mwenyekiti, alilalamika mpaka kwenye mkutano wa jumuiya ya kanisa. Lakini Nyakasimbi ina mpaka wake ambao haukuchorwa popote na kila mtu anaujua. Kibanja ni cha mwanamume: migomba na kahawa, karibu na nyumba, penye mbolea na heshima. Huko nje, kwenye uwanda wa nyasi wanaouita rweya, ndiko mwanamke anakolima njugu mawe zake. Nguruwe pori hali kahawa. Basi nguruwe walipokuwa wanafukua rweya usiku baada ya usiku, wanaume waliyaita hayo mambo ya akina mama, wakaendelea na rubisi, pombe yao ya ndizi.

Na njugu hizo Kokwijuka hakuzinunua sokoni. Mbegu ilitoka kwa mama yake kule Kyerwa, nyekundu, yenye jicho jeupe, na mama yake alirithishwa na mama yake. Kila mwaka alitenga mbegu kwanza ndipo akala, hata mwaka ule wa ukame. Msimu huu mbegu yote ilikuwa ardhini, na nguruwe walikuwa wameshakula robo tatu ya shamba. Ilibaki pembe moja tu, upande wa kichuguu, na hiyo ilihitaji wiki mbili nyingine ikomae. Pembe hiyo ikienda, mbegu ya mama yake imekwisha duniani. Alishamwahidi Vero kikapu chake. Usiku alilala akihesabu siku, na asubuhi alikimbilia rweya kabla ya kunawa uso, kuona kama bado ipo.

Halafu aje Pastory amwambie habari za msaada! Pastory yuleyule ambaye, mwaka juzi, mbuzi wa Kokwijuka alipokata kamba na kula miche ya kahawa kwenye kitalu chake, hakukubali radhi. Kokwijuka alipiga magoti. Pastory akampeleka barazani. "Mnyama ni wako," alisema mbele ya watu wote, kidole juu, "basi na kinywa chake ni chako." Kokwijuka na Vero walilima kibanja cha shemeji siku nne, wakarudishia miche mmoja mmoja, na mke wa Pastory akawa anawapita bila salamu.

"Mbwa nitawapa," Kokwijuka alisema. "Lakini anakwenda na mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Unamwona mwingine hapa, shemeji?"

Aliingia ndani. Alipotoka alikuwa na upinde wa Rogasian na podo lenye mishale mitatu, na kicheko cha Yustus kilikatikia njiani.

Hawakujua. Nani angewaambia? Baba yake Kokwijuka hakujaliwa mtoto wa kiume, na mahindi yake yalikuwa jirani na nyani wasio na adabu. Alimchongea bintiye upinde akiwa na miaka tisa, akamwambia, "Linda." Baadaye, mke na mume, yeye na Rogasian walikuwa wakishindana nyuma ya nyumba, shabaha yao shina la mgomba uliokwisha kukatwa, mlango wa uani umefungwa ili watu wasione. Nusu ya mara Rogasian alishindwa. Alikuwa akiona fahari, akamwomba tu asimwambie mtu.

"Mama Vero, weka hicho kitu," Pastory alisema. "Mwanamke haendi mawindoni. Hata kuuruka upinde tu ni mkosi, mishale inapotea njia. Umekulia wapi usijue?"

"Nimekulia Kyerwa kwenye mahindi ya baba yangu. Nyani hawakuwahi kuniuliza mimi ni nani."

"Nasema ni mkosi!"

Kokwijuka aliangalia upinde wa Pastory pale chini kando ya kigoda. Akakusanya kitenge chake kwa mkono mmoja, akauruka. Akageuka, akauruka tena kurudi.

"Haya," alisema. "Kama mkosi upo, tayari unao. Tunakwenda, au wageni wa Muleba watakula kabichi?"

Pastory alimtazama mzee Elipidius amsaidie. Mzee alikuwa anaangalia jua.

"Twendeni," alisema Elipidius. "Asubuhi haimngoji mtu."

*

Kichaka kilikuwa kwenye mteremko, kati ya rweya na bonde. Chini kulikuwa na mafunjo na maji, na juu kulikuwa na shamba la Kokwijuka, au kilichobaki. Pastory aligawa nafasi. Yeye, Yustus na mzee wangekaa upande wa chini, maana nguruwe akishtushwa hukimbilia matopeni. Kokwijuka akapangiwa juu, kwenye kichuguu kilichosimama shambani kwake.

"Hapa hata sungura hapiti," Kokwijuka alisema.

"Ndiyo maana nimekuweka," Pastory alijibu.

Kabla ya kuachana walifanya kazi ya mbwa. Mbwa wa kule wa kuwindia si wa kubweka hovyo. Huvalishwa kengele ya chuma shingoni, na kengele hiyo ndiyo macho ya mwindaji. Ikilia upande huu unajua mbwa yuko huku, ikienda mbio unajua mnyama anakimbia, ikilia sehemu moja unajua amekabwa. Wakati wa kunyatia huzibwa kwa majani makavu ya mgomba ili isilie. Wakati wa kumwachia mbwa, majani hutolewa. Ni jambo dogo, na ni la kwanza mtu kufundishwa.

Pastory aliyakunja majani, akayasokomeza kwenye kengele ya Baligamba mpaka ikawa bubu kabisa.

"Usisahau kuyatoa," Kokwijuka alisema, akanyoosha mkono kuona kama yamekazwa sana.

Pastory alimsukuma mkono. "Usimguse mbwa! Pinde zikishafungwa nyuzi, mwanamke hamgusi mbwa. Unataka kutuharibia kila kitu? Najua kazi yangu tangu hujaolewa."

Baligamba alimtazama Kokwijuka, kisha akavutwa kamba kwenda chini na mtu ambaye hakumpenda.

Kokwijuka alisimama nyuma ya kichuguu, mshale mmoja kwenye uzi, miwili podoni. Umande ulimlowesha miguu. Mbele yake kulikuwa na mashimo ya nguruwe, udongo umegeuzwa juu chini, maganda ya njugu yametapakaa. Nyuma yake ilikuwa ile pembe iliyobaki, kijani, kama chumba kimoja cha nyumba kwa ukubwa. Aliitazama akaona uchungu. Mama yake alikuwa akiongea na njugu wakati wa kupalilia, akiziita kwa majina ya marafiki zake. Kokwijuka hakuwahi kufanya hivyo. Aliona ni mambo ya wazee. Asubuhi ile alizinong'oneza, "Tulieni."

Akatega sikio kusikia kengele.

Kengele haikulia. Badala yake, muda mrefu baadaye, ilisikika sauti ya Pastory kutoka bondeni, kubwa, ya furaha: "Nimempiga! Mshale wa kwanza wangu! Jamani mmeona? Wangu huyo!"

Kisha kimya.

Kokwijuka alisubiri. Kama nguruwe amepigwa, mbwa yuko nyuma yake. Kama mbwa yuko nyuma yake, kengele ingekuwa inalia kama ya misa. Hakuna kitu. Basi mbwa ama bado amefungwa kamba, ama ameuawa. Wazo hilo la pili lilimkata maini. Alishusha upinde, akachungulia kando ya kichuguu upande wa bonde, apate kuona vizuri.

Wala hakumfikiria nguruwe. Nguruwe aliyejeruhiwa haulizi wawindaji wamepanga nini. Anakimbilia njia anayoijua, na njia aliyoijua huyu, usiku kwa usiku kwa mwezi mzima, ilikuwa ya kwenda kwenye njugu.

Nyasi zilipasuka hatua kumi na tano mbele yake. Lilikuwa dume, jeusi, manyoya ya mgongoni yamesimama, mshale wa Pastory ukining'inia kwenye paja la nyuma. Kisiginoni kwake Baligamba alikuwa anakimbia kama kivuli, shingoni kengele ikirukaruka bila sauti hata kidogo.

"Ameisahau!" Kokwijuka aliwaza. "Mpumbavu ameisahau!"

Alivuta na kuachia kwa pupa. Mshale ulimparuza dume begani, pale penye ngozi ngumu kama ubao, ukapotelea kwenye nyasi. Hakupata nafasi ya kuutazama. Dume lilimpita ubavuni, likatupa kichwa, na mguu wa kulia wa Kokwijuka ukawa wa moto kuanzia chini ya goti. Akaanguka kifudifudi, upinde chini yake.

Aliogopa. Tuseme ukweli, aliogopa mpaka akasahau sala alizofundishwa tangu utoto, akabaki anasema "Yesu, Yesu, Yesu," bila kuendelea. Alitambaa. Alishika kichuguu kwa kucha, akajivuta juu yake huku akisikia dume linageuka nyuma yake, likikoroma, likitema povu. Alipofika juu alijipindua. Baligamba alikuwa amelidaka sikio, ananing'inia, na dume linamrusha huku na huku kama mtu anayekung'uta mkeka.

Kokwijuka alichomoa mshale wa pili. Alivuta, akalenga, akaona mgongo mwekundu wa mbwa. Akalenga tena, mgongo mwekundu tena. Angeachia, angemuua yeye, kiumbe pekee aliyekuwa upande wake asubuhi ile. Na asipoachia, dume lingempasua tumbo muda wowote.

Yapo mambo mtu anayaamua kwa hasira kabla hofu haijamzuia. Kokwijuka alisimama juu ya kichuguu kwa mguu mmoja na nusu, akapaza sauti kwa nguvu zake zote:

"Baligamba! Acha! Njoo!"

Mbwa aliachia. Ndivyo alivyofundishwa na mkono uliomlisha. Aliruka pembeni, na dume, kichwa chake kikiwa huru tena, likaona kitu kimoja tu mbele yake: mwanamke juu ya kichuguu, kitenge kimelowa damu.

"Njoo na wewe," Kokwijuka aliliambia. "Umekula vya mama yangu. Njoo hapa, mwizi mkubwa! Siondoki!"

Lilikuja. Alilisubiri mpaka akaona kope zake nyeupe. Baba yake alikuwa akisema nyani anapigwa ukiwa unataka kukimbia, si kabla. Kila kiungo kilikuwa kinataka kukimbia. Akaachia.

Mshale uliingia chini ya shingo, ukazama hadi kwenye manyoya ya mkia wake. Dume halikusimama. Lilikipiga kichuguu kwa kifua mpaka udongo ukamwagika na Kokwijuka akakaa chini kwa kishindo, mshale wa tatu tayari mkononi. Lakini wa tatu haukuhitajika. Dume lilipiga magoti, likalala ubavu juu ya mashimo lililoyachimba lenyewe, likapumua mara kadhaa, likanyamaza.

Kokwijuka alilia kidogo hapo. Alilia kwa mguu, na kwa Rogasian ambaye angejivunia mshale ule, na kwa kuwa hai. Kisha akafuta kamasi na mkono, akamwita mbwa. Alikuwa amechanika ubavuni, si sana. Alimshika kengele, akachomoa yale majani makavu ya mgomba, akayaficha kwenye upindo wa kitenge.

Baligamba alijikung'uta. Kengele ikalia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na kwa sauti hiyo wanaume wakajua wapi pa kwenda.

*

Hawakufika peke yao. Kelele zilikuwa zimewatoa wanawake kwenye mashamba ya jirani. Dafroza alikuja na jembe begani, wengine sita au saba nyuma yake. Mzee Elipidius alipoona mguu wa Kokwijuka alitupa upinde chini, akavua shati, akaufunga kwa nguvu.

"Yustus, pikipiki! Mama huyu apelekwe zahanati!"

"Pikipiki isubiri kidogo," Kokwijuka alisema.

Kwa sababu Pastory hakuwa ameutazama mguu. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya nguruwe, ameushika mshale wake pale pajani kama mtu aliyekuta mwanawe aliyepotea.

"Mmeona?" alisema. "Wangu. Mshale wa kwanza."

"Pastory," mzee alisema, "mshale uliomuua ule pale kifuani."

"Wa kuua ni wa kuua. Sheria ya pori ni ya mshale wa kwanza, hata ukiwa kwenye mkia. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha. Mwenye mbwa anapata shingo. Mshale wa pili unapata mkono wa mbele. Shemeji atapata vyote viwili, simdhulumu. Lakini nguruwe ni wangu."

Wanawake waliguna. Dafroza alisema neno ambalo halisemwi Jumapili. Mzee Elipidius alijikuna kichwa, maana kweli, hiyo ndiyo sheria, na yeye ndiye aliyeifundisha.

Kokwijuka alikuwa ameegemea kichuguu, uso umepauka. Wote walimsubiri alipuke. Yeye aliuliza kwa upole kabisa:

"Kwa hiyo ni wako, shemeji?"

"Ni wangu."

"Wote?"

"Kuanzia pua mpaka mkia."

"Na unasema hivyo mbele ya mwenyekiti na akina mama hawa?"

"Hata mbele ya padri! Ni wangu!"

"Mzee umesikia?"

"Nimesikia," alisema Elipidius, kwa wasiwasi wa mtu anayeona kamba inakunjwa na hajui inamfunga nani.

"Basi mpasueni."

Yustus alikuwa na kisu. Alipasua tumbo pale pale, kama inavyofanywa ili nyama isiharibike, na alipofungua mfuko wa chakula aliweka kisu chini. Kokwijuka alijisogeza kwa makalio mpaka karibu, akaingiza mkono, akautoa umejaa. Njugu. Nyingi zilikuwa zimetafunwa, lakini baadhi zilikuwa nzima, nyekundu, na jicho jeupe. Wanawake wote pale waliijua mbegu ile. Dafroza alijishika mdomo.

Kokwijuka aliinua kiganja mpaka kilipofika chini ya pua ya Pastory.

"Mwaka juzi," alisema, "mbuzi wangu alikula miche yako. Ulisema nini barazani?"

Pastory alirudi nyuma hatua moja.

"Kama umesahau nitakukumbusha. Ulisema, mnyama ni wako, basi na kinywa chake ni chako. Nililima kibanja chako siku nne na binti yangu. Leo mnyama ni wako, shemeji. Umesema mwenyewe, kuanzia pua. Na kinywa kiko chini ya pua."

Kilichofuata ni kicheko cha wanawake, na kilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Pastory aliruka juu.

"Huyu ni mnyama wa porini! Hana mwenyewe!"

"Jana alikuwa hana mwenyewe. Mwezi mzima nimewapigia kelele, mkaniambia hana mwenyewe. Leo amempata."

"Basi simtaki! Si wangu, mchukueni!"

"Na wageni wa Muleba?" Yustus aliuliza, kwa nia njema kabisa, maskini.

Pastory aligeuka kumtazama nguruwe. Alikuwa nguruwe mnene. Ulikuwa ni unene wa njugu, kila mtu aliona, na Pastory naye aliona. Aliona pia kipaimara, na watu wa Bukoba wamekaa kwenye viti vya kukodi wakingoja.

"Mimi nguruwe simtaki hata bure," Kokwijuka alisema. "Nyama inaliwa siku moja. Nataka shamba langu lirudi lilivyokuwa. Na mimi mguu huu hautakanyaga udongo hivi karibuni." Akatoa yale majani makavu kwenye upindo wa kitenge, akayatupa miguuni pa Pastory. "Yalikuwa kwenye kengele. Uliyasokomeza mwenyewe, ukaniambia nisiguse. Mkosi haukuwa kwenye kuruka upinde, shemeji."

Pastory aliyatazama majani. Kisha, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, aliutazama mguu.

Mzee Elipidius alikuwa anacheka bila sauti, mabega yakitikisika, machozi yakimtoka. Alilazimika kukaa.

"Mkuki kwa nguruwe mtamu..." alianza.

"...kwa binadamu mchungu!" wanawake walimalizia kwa pamoja.

"Mwenyekiti ameamua," alisema mzee, akijifuta macho. "Nguruwe ni wa Pastory. Na shamba ni la Pastory kulima."

*

Mguu ulishonwa nyuzi kumi na moja. Kipaimara kilifana. Kokwijuka alifikishwa kwa pikipiki, akakaa mbele kabisa, akala shingo yake polepole huku mguu umenyooshwa kwenye kigoda ili kila mgeni aulize umefanywa nini, na Dafroza awasimulie upya.

Pembe ile iliyobaki ilikomaa. Kokwijuka alizing'oa njugu mwenyewe, amekaa chini, akijisogeza shina kwa shina. Hazikuwa nyingi. Nusu alimpelekea Vero Ihanda, nusu akazitundika juu ya moshi wa jiko.

Mvua za Machi zilipolainisha ardhi, watu wa Nyakasimbi waliona kitu ambacho hawajawahi kukiona: mwanamume mzima, mwenye kahawa yake na mabati yake, katikati ya rweya peke yake, anafukia mashimo na kupanda njugu mawe. Siku hiyo wanawake walikuwa na safari nyingi za kupita njia ile. "Pole na kazi, baba!" walimwambia kila mmoja kwa zamu, kwa heshima zote. Pastory aliitikia wa kwanza na wa pili. Wa tatu hakumwitikia.

Kokwijuka alikuwa amekaa juu ya kichuguu, kapu la mbegu mapajani, kovu la mguuni linang'aa kwa mafuta. Baligamba alikuwa anazunguka shambani akinusa, na kila alipopita kengele ililia waziwazi.

Saa sita Pastory aliegemea jembe. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Shemeji," alisema, na sauti yake haikuwa na ubishi tena, ila uchovu tu. "Hapa si panatosha?"

Kokwijuka alilitazama shamba upande mmoja mpaka mwingine, bila haraka. Kisha akanyoosha fimbo yake kuelekea mwisho kabisa, kule nyasi zinakoanza.

"Kinywa chako kilifika mpaka kule."

Pastory alitemea mate viganjani, akainama.